Ukali wa Mbwa Huanzia Nyuma ya Jiko

Pita mtaa wa Milimani mjini Kitale uyatazame malango yaliyoandikwa "Mbwa Kali". Ukibisha, mara nyingi anayekuja mbio ni mbwa mwembamba aliyeshinda kwenye mnyororo mchana kutwa. Mkia ameubana, masikio ameyalaza, na kila akisogea mbele kubweka anarudi nyuma kidogo. Mwenye nyumba hufurahi: fedha yake haikupotea. Mimi ninayeshughulika na wanyama hawa kila siku namwona mbwa mwoga. Mlinzi hasa, yule anayemtambua wa nyumbani na mgeni, hubweka akiwa amesimama pale pale, kisha humtazama bwana wake kuona atasema nini.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya swali la mbwa na paka wa vituo vya wanyama liwe gumu kuliko linavyoonekana. Watu huuliza kama mnyama aliyeokotwa, akakaa kizimbani miezi kadhaa, anaweza kufaa nyumbani. Wengine huamua wenyewe: anayebweka ni mkali, aliyejikunyata ni mgonjwa, paka anayepuliza ni shetani. Msimamo wangu ni kwamba tabia tunayoiona kizimbani ina mizizi miwili mikubwa, na yote iko mikononi mwa watu. Wa kwanza ni wiki chache za mwanzo za maisha yake. Wa pili ni mahali tulipomweka leo. Damu ina sehemu yake, sikatai, lakini tumeisingizia mambo mengi ambayo tumeyafanya wenyewe.

Kituo kinachojulikana zaidi nchini ni cha shirika la kulinda na kutunza wanyama la KSPCA, ambalo historia yake inaanzia 1910 na makao yake yako Nairobi, upande wa Lang'ata na Karen. Huko mbwa na paka waliotelekezwa hulishwa, hutibiwa, huchanjwa na kufungwa uzazi, kisha hutafutiwa nyumba. Kutoka hapa kwetu Matulo hadi huko ni mwendo wa karibu kilomita 400. Mbwa anayetelekezwa hapa kati ya Webuye na Bungoma huishia kando ya machinjio, nyuma ya vibanda vya nyama choma, au kwenye boma la mtu mwenye huruma ambaye tayari ana wengine watatu. Boma hilo nalo ni kituo, hata kama halina kibao wala bajeti, na ninayoyasema hapa yanalihusu sawasawa na kile cha Nairobi.

Tuanze na wiki za mwanzo. Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha jaribio ambalo halijapitwa na wakati. Waliwalea watoto wa mbwa ndani ya uwanja uliozungushiwa ua mrefu, chakula kikipitishwa bila mtu kuonekana. Kila kundi lilitolewa mara moja kukaa na watu kwa wiki nzima: wengine wakiwa na umri wa wiki mbili, wengine tatu, tano, saba au tisa. Waliotolewa kati ya wiki ya tano na ya tisa waliwazoea watu vizuri. Waliobaki uwanjani mpaka wiki ya 14 bila kuonja mkono wa binadamu walikuwa kama wanyama wa porini, na juhudi za baadaye za kuwazoesha hazikufua dafu. Scott na Fuller, waliofanya kazi miaka mingi Bar Harbor katika jimbo la Maine, walilieleza jambo hilo katika kitabu chao cha 1965, na tangu hapo wataalamu wamekubaliana kuwa dirisha la mbwa kuzoea watu na dunia huwa wazi kuanzia wiki ya tatu hivi hadi ya 12 au ya 14.

Sasa angalia mbwa wetu wanavyozaliwa. Jike hujichimbia shimo nyuma ya jiko, au chini ya ghala la mahindi, au huingia kwenye miwa. Watoto wa boma wanakatazwa kusogea: mama yao atawauma, wana viroboto, waacheni. Baada ya siku chache wale majike huondolewa, kwa kuwa hakuna anayetaka jike, na njia za kuwaondoa zinajulikana, sina haja ya kuzieleza. Madume hubaki shimoni. Wakifika miezi mitatu mwenye boma ndipo anapokumbuka kwamba aliahidi kumpa jirani mbwa. Jirani anakuja na gunia. Mtoto wa mbwa anatumbukizwa, mdomo wa gunia unafungwa kamba, linapandishwa kwenye bodaboda, na safari ya Chwele au Kamukuywa inaanza. Akifika anafungwa mnyororo chini ya mwembe ili "azoee boma". Kwa hiyo yale anayojifunza kuhusu binadamu, dirisha likiwa linajifunga, ni gunia, mngurumo wa injini na mnyororo. Halafu mwaka mmoja baadaye anamrukia mtoto wa shule na tunasema mbwa wa aina hii hawafai.

Mbwa huyu huyu ndiye anayeishia kituoni. Mhudumu anampokea akiwa na umri wa miaka miwili, na kazi anayokabidhiwa ni ya kurekebisha kilichoharibika akiwa na miezi miwili. Inawezekana kwa kiasi fulani, kwa subira nyingi na chakula kizuri, lakini ni sawa na kumfundisha mtu mzima lugha ambayo angeipata bure utotoni.

Habari njema ni kwamba nafasi hurudi upesi. Utafiti wa Philip Kitala na wenzake huko Machakos, uliochapishwa 2001, ulikadiria kwamba mbwa dume anayezaliwa angetarajiwa kuishi miaka 3.5 na jike miaka 2.4. Machakos siyo Bungoma, lakini yeyote anayefuga mbwa huku anajua kwamba boma hubadilisha mbwa mara kwa mara: gari, sumu, ugonjwa, wezi. Ni takwimu ya kuhuzunisha. Ina maana pia kwamba kila baada ya miaka michache kuna kizazi kipya shimoni nyuma ya jiko, na tunaweza kuanza upya.

Kinachotakiwa hakigharimu kitu kikubwa. Kuanzia wiki ya tatu, mama mbwa akiwa ameshiba na ametoka kujinyoosha, mtu anayemwamini amshike kila mtoto kwa dakika chache kila siku, kisha amrudishe. Baadaye waje watu wengine: mwanamume, mwanamke, mtoto aliyefundishwa kukaa chini na kutulia, mzee mwenye mkongojo, mtu mwenye kofia. Wasikie redio, ndoo ikianguka, pikipiki ikiwashwa kwa mbali. Hakuna kulazimisha, anayerudi nyuma aachwe arudi. Wakae na mama yao mpaka wiki ya nane. Wanapohama wabebwe ndani ya katoni au kikapu chenye kitambaa kilicholaliwa na mama, maana harufu ile huwatuliza njiani. Dawa ya minyoo mapema, na chanjo ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu. Fundi wa kufundisha mbwa hahitajiki. Anahitajika mtu mwenye robo saa jioni.

Mzizi wa pili ni mahali penyewe. Mwaka 1997 Michael Hennessy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, walipima kotisoli, homoni inayopanda mwili unapofadhaika, katika damu ya mbwa waliokuwa kwenye kituo cha hifadhi. Waliokuwa katika siku tatu za mwanzo walikuwa na kiwango cha juu kuliko waliokaa zaidi ya siku tisa, na kuliko mbwa waliopimwa wakiwa nyumbani kwa wenyewe. Kwa maneno mengine, mbwa unayemwona siku ya pili kizimbani amejaa hofu mpaka kwenye damu. Anachokifanya wakati huo kinakueleza hali ya kizimba zaidi ya kukueleza yeye ni nani. Kumpa hukumu ya ukali siku hiyo ni kumtahini mwanafunzi usiku wa msiba nyumbani kwao.

Hofu hiyo ina dalili zake, na mtu anayetaka kuzijua aanze kwa kuutazama uso badala ya mkia. Mbwa anapiga miayo bila usingizi. Anajilamba pua mara kwa mara na hakuna chakula. Anageuza kichwa pembeni lakini macho yanabaki kwako, weupe wa jicho ukionekana kama mwezi mwandamo. Anainua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Mkia ndio unaowadanganya watu, kwa sababu unaweza kutikisika kwa wasiwasi kama unavyotikisika kwa furaha. Kunguruma huja baada ya dalili hizo zote kupuuzwa, na kuuma huja baada ya kunguruma kupuuzwa. Ndiyo maana namsihi kila mwenye mbwa asimwadhibu kwa kunguruma. Ukimfundisha kwamba kunguruma ni kosa, umeondoa kengele ukauacha moto.

Mhudumu mzuri huingia kizimbani kwa ubavu. Hamtazami mbwa machoni, hanyoshi mkono juu ya kichwa. Anachuchumaa karibu na mlango, anarusha kipande cha maini au cha ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa nyama, anakaa kidogo, anaondoka. Kesho anarudi mtu yule yule, saa ile ile. Ratiba ndiyo dawa ya kwanza ya mnyama mwenye hofu: akijua chakula kinakuja lini, nani anafagia, taa inazimwa saa ngapi, mwili wake huacha kukesha. Kona moja iwe na kitu cha kujificha nyuma yake, hata mbao iliyoegemezwa ukutani. Vizimba visitazamane, kwa kuwa mbwa wawili wanaoonana siku nzima bila kufikiana huishia kurukia nyavu, na ukelele wa mmoja huamsha wote.

Mbwa wakikaa muda mrefu, wanahitaji kutoka. Lisa Gunter na wenzake walichapisha 2019 utafiti uliofanyika katika vituo vitano vya Marekani, mbwa 207, ambao walichukuliwa kulala nyumbani kwa watu usiku mmoja au miwili. Kotisoli ilishuka wakiwa nyumbani. Waliporudi kituoni ilipanda tena, lakini ilifika pale pale ilipokuwa mwanzo, haikuzidi. Wale waliosema ni ukatili kumwonjesha mbwa nyumba kisha kumrudisha wamepata jibu. Kituo chochote kitakachoanzishwa Trans Nzoia au Bungoma kingeweza kufanya hivyo bila gharama, kwa wanafunzi, walimu na familia zilizo karibu, mradi mbwa awe amechanjwa.

Kuna tabia moja inayowatia watu hofu kuliko zote: mbwa anayelinda chakula chake. Vituo vingi duniani vilikuwa vinampima mbwa kwa kumvutia bakuli kwa mkono wa plastiki, na aliyeng'ata mkono alihesabiwa mkali, mara nyingine akachomwa sindano ya kifo. Amy Marder na wenzake huko Boston waliwafuatilia mbwa 97 waliopimwa hivyo na kuchukuliwa na watu. Kati ya 20 walioonyesha ukali kwenye kipimo, ni 11 tu walioripotiwa kuonyesha ukali wa chakula nyumbani. Kati ya 77 waliofaulu, 17 waliuonyesha. Utafiti huo ulitoka 2013 na kwangu uliua imani ya kipimo hicho. Mbwa aliyepigania mifupa machinjioni miaka miwili ana sababu ya kulinda bakuli, na akishiba kila siku kwa miezi kadhaa huenda akaacha.

Hapa nyumbani kosa letu ni sufuria moja. Ugali uliobaki unamwagwa kwenye sufuria kuukuu, mbwa watatu wanaitwa, mkubwa anakula, mdogo anakimbizwa, na watoto wanacheka. Kila jioni tunawafundisha kwamba chakula hupatikana kwa meno. Gawanya chakula sehemu tatu, ziweke mbali mbali hata kama ni kwenye majani ya migomba, na usimsumbue anayekula. Ukitaka mbwa akuzoee karibu na bakuli, pita mara kwa mara ukiongeza kipande kitamu. Ukinyang'anya, umempa sababu ya kulilinda.

Kuhusu kipigo nitasema kwa ufupi. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya watu waliowaleta mbwa wenye matatizo ya tabia kliniki. Miongoni mwa waliowahi kuwapiga au kuwapiga teke mbwa wao kwa kosa, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa na kumtia hofu. Sijasikia mtu akishtakiwa kwa jiwe alilomrushia mbwa wa sokoni. Jiwe hilo hata hivyo lina matokeo: ndilo linalomfundisha mbwa kwamba mtu anayeinama ni adui, na mtoto anayeinama kufunga kamba ya kiatu anaumwa.

Paka wana kesi yao, na katika nchi hii ya mahindi kesi hiyo ni ya kiuchumi. Kila mwenye ghala Trans Nzoia anajua panya wanavyoweza kumla hadi mbegu ya msimu ujao. Basi anatafuta paka, analetewa kwenye gunia, anamfungulia ghalani jioni, na asubuhi paka hayupo. Anaambiwa paka hana shukrani. Ukweli ni kwamba paka hufungamana na mahali, na mahali asipopajua hupakimbia. Anatakiwa kufungiwa ndani ya chumba kimoja cha ghala kwa wiki mbili hadi tatu, awe na maji, mchanga wa kujisaidia na omena kidogo kila siku saa ile ile, ndipo mlango ufunguliwe. Na lile la kumnyima chakula ili awinde lifutwe. Paka aliyeshiba huwinda vilevile, na hukaa.

Kizimbani, dawa ya paka ni katoni. Claudia Vinke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichukua paka 19 waliotoka kuingia kituoni, wakawapa kumi sanduku la kujifichia na tisa wakawaacha bila. Baada ya siku tatu nne, wenye sanduku walikuwa wametulia zaidi ya wenzao. Utafiti ulitoka 2014. Katoni ya sabuni au ya mafuta ya kupikia inapatikana kila duka la Webuye, na ikigeuzwa kinywa pembeni inatosha. Paka anayejificha anajituliza mwenyewe. Kumtoa kwa nguvu ili mgeni amwone ni kumrudisha siku ya kwanza. Kuhusu paka wachanga, Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alionyesha kuwa dirisha lao hujifunga mapema kuliko la mbwa, kati ya wiki ya pili na ya saba. Paka aliyezaliwa darini na kuonekana mara ya kwanza akiwa na miezi minne huenda asikubali kushikwa maisha yake yote, na hakuna ubaya: afungwe uzazi, achanjwe, apewe ghala. Kumng'ang'aniza awe wa mapajani ni kumtesa bure.

Kuna jambo ambalo halirekebishwi kwa mafunzo, na ni lazima lisemwe. Mbwa au paka aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mtulivu kupita kiasi, anayetoa mate, anayeshindwa kumeza, anayeng'ata mawe na vijiti, huyo hahitaji subira yako. Ni wa kuwekwa mbali na watu na kuripotiwa kwa ofisi ya mifugo. Kichaa cha mbwa kiliandikwa mara ya kwanza nchini 1912, na makadirio ya serikali ni kwamba huua Wakenya wapatao 2,000 kwa mwaka, wengi wao watoto. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kuchanjwa. Dalili zikianza hakuna dawa. Mpango wa taifa wa 2014 hadi 2030 unalenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Hapa ndipo tabia na afya zinapokutana: mbwa ambaye hajawahi kushikwa hashikiki siku ya chanjo. Timu inakuja shuleni, mbwa wanaofika ni wale wanaokubali kamba, na wale wanaohitaji chanjo zaidi wamejificha kwenye miwa. Kampeni inayoanza kwa kuzoesha watoto wa mbwa nyuma ya jiko itaifikia asilimia hiyo mapema kuliko inayoongeza magari.

Mwisho ni neno kwa anayepanga kuchukua mbwa au paka. Mwaka 2014 watafiti Protopopova na Wynne waligundua kwamba watu kituoni hukaa na mbwa mmoja kwa takriban dakika nane kabla ya kuamua, na kwamba kilichowavuta ni mambo mawili: mbwa aliyelala karibu nao, na mbwa asiyepuuza mwaliko wa kucheza. Rangi na aina husemwa sana, lakini hilo ndilo lililofanya kazi. Dakika nane ni chache. Omba kutoka naye nje hadi mahali patulivu, ukae chini, umwache aje. Muulize mhudumu amekaa hapo siku ngapi, nani humlisha, na kama alizaliwa karibu na watu. Akikuambia ana siku mbili tu, rudi wiki ijayo kabla ya kukata shauri.